Bendi ya watu sita: tununue nguzo ya spika au maboksi mawili ya kwenye stendi? Maneno yanapotea watu wakianza kucheza

#1 MwimbajiWaMbele
Wakuu, salaam. Bendi yetu ni ya watu sita: mimi naimba, mwenzangu anaimba huku akipiga gitaa la rithim, kisha wapo solo, besi, kinanda na drams. Tunapiga muziki wa dansi katika kumbi za watu 80 hadi 150. Hatuna fundi wa mitambo wala wachukuzi, kwa hiyo vyombo vyetu ni vile tu vinavyoweza kuingia katika magari mawili ya kawaida baada ya drams kuchukua nafasi yake.

Mwezi uliopita tuliazima nguzo ya spika, ile nyembamba inayosimikwa juu ya sabufa yake, yaani spika ya sauti za chini. Tulipojaribu sauti jioni, ukumbi ukiwa mtupu, mwenzangu alikwenda kusimama mlangoni kabisa na akasikia kila silabi. Watu walipoinuka kucheza mambo yakageuka. Jamaa aliyeketi meza ya nyuma aliniambia kwamba besi na ngoma ya mguu alizipata vizuri, ila mimi alinisikia kama mtu anayeimba chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Kati ya majaribio na wimbo ule hakuna aliyegusa mikisa, kile kifaa cha kuchanganyia sauti.

Nguzo ile imeandikwa wati 1,000, nami nahisi wati hazikutosha. Sasa tunataka kununua mfumo wetu wenyewe. Je, tuchukue nguzo mbili zenye wati nyingi zaidi, au maboksi mawili ya inchi 12 ya kusimamisha kwenye stendi?

#2 FundiSauti
Karibu. Nianze na wati, kwa sababu ndizo zinazowapotosha wanunuzi wengi. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), ongezeko ambalo msikilizaji wa kawaida atalitambua kwa kutega sikio. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takribani desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ng'ombe hapimwi kwa majani anayokula, hupimwa kwa maziwa. Soma desibeli za juu kabisa ambazo spika inaweza kutoa, zikipimwa mita 1.

Kwa mfano, katika karatasi za watengenezaji, QSC K12.2 ambayo ni boksi la inchi 12 imeandikiwa desibeli 132, nguzo ya Electro-Voice Evolve 50 imeandikiwa 127, na Bose L1 Pro16 imeandikiwa 124. Hata hivyo usizipange namba hizo kama matokeo ya mbio, maana ni za kilele cha muda mfupi mno na kila kampuni ina njia yake ya kuzipata. Zitumie kujua mfumo uko daraja gani, basi.

Kisha kuna umbali. Boksi la kawaida likiwa mahali pa wazi hupoteza desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo aliye mita 16 anapata desibeli 24 pungufu ya zile zilizopimwa mita 1. Ndani ya ukumbi kuta hurudisha kiasi fulani, lakini zinachorudisha ni mwangwi, na mwangwi hauongezi maneno.

#3 BesiNzito
FundiSauti amesema kweli ila hajajibu kwa nini maneno yalipotea bila mtu kugusa kitu. Naomba mwenye uzi atuambie: besi na ngoma ya mguu vilipitia kwenye nguzo ile ile?

#4 MwimbajiWaMbele
Ndiyo, vyote viwili. Tulifikiri sabufa iliwekwa kwa kazi hiyo.

#5 BesiNzito
Basi hapo ndipo ulipo ugonjwa. Ndani ya nguzo ya namna hiyo kuna limita, yaani mlinzi anayebana sauti kabla spika haijaungua. Katika mifumo mingi midogo mlinzi huyo hachagui. Ngoma ya mguu ikigonga kwa nguvu anabana kila kitu kwa pamoja, na sauti ya mwimbaji inazama nayo, kisha inaibuka, kisha inazama tena kwa mdundo. Mimi nimewahi kusimama nyuma ya mfumo kama huo nikaona taa nyekundu ikiwakawaka sawasawa na mguu wa mpiga drams. Tuliondoa besi yangu na ngoma ya mguu katika mikisa, nikabaki na amplifaya yangu, na mwimbaji akarudi wimbo ule ule.

Mlipojaribu jioni mlipiga kwa adabu, limita haikuamka. Watu walipochangamka nanyi mkachangamka.

#6 MwimbajiWaMbele
Kulikuwa na taa ndogo nyekundu mgongoni mwa sabufa, ikiwaka na kuzimika. Nilidhani ni ya umeme.

#7 MbebaVyombo
Taa ya umeme haichezi dansi, mkuu.

Nikija kwenye hoja: mimi hubeba na kufunga vyombo vya bendi mbili, na nguzo siipendi kwa ukumbi wa kucheza. Ukiweka nguzo sakafuni, sehemu kubwa ya spika zake inatazama matumbo na vifua vya wachezaji. Mwili wa mtu na nguo zake hunywa sauti za juu na kuzizuia, na konsonanti kama s, t, k na f zinaishi zaidi juu ya Hz 2,000, yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde. Besi yenyewe huzunguka miili bila shida, ndiyo maana yule jamaa wa meza ya nyuma aliipata. Ukumbi mtupu hauna miili. Boksi la inchi 12 likiwa juu ya stendi, mdomo wake ukiwa mita 2 au zaidi na umeinamishwa kidogo, linawapita waliosimama mbele na kufika nyuma.

#8 MzeeWaKinanda
Vijana mnaihukumu nguzo kana kwamba imezaliwa juzi. Sisi tuliopiga zamani tuliikuta nguzo ikiwa ndiyo mfumo wenyewe; Shure walikuwa na Vocal Master mwishoni mwa miaka ya 1960, mikisa ya chaneli sita na nguzo mbili ndefu za spika, na bendi nyingi duniani ziliimbia humo. Bose walipoleta L1 mwaka 2003 walirudisha wazo la kale kwa umbo jembamba.

Na sababu ya wazo hilo haijafa. Spika zikipangwa kwa mstari wima, sauti hutandaa kwa upana lakini haipandi sana juu wala kushuka sana chini, kwa hiyo dari na sakafu hazipigwi sana na mwangwi unapungua. Tena mstari hupoteza desibeli 3 kwa kila maradufu ya umbali, si 6. Katika ukumbi wenye kuta za saruji tupu, boksi la stendi linapiga kelele darini wakati nguzo inazungumza na watu.

#9 FundiSauti
Mzee wangu, naomba nirekebishe kidogo. Hizo desibeli 3 ni za mstari mrefu, na ni za karibu yake tu. Mstari huidhibiti sauti pale urefu wa wimbi unapokuwa mfupi kuliko mstari wenyewe. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mstari wa mita 1 unaanza kufanya kazi hiyo kuanzia kama Hz 340 kwenda juu. Chini ya hapo sauti inatawanyika kama ya boksi lolote. Msikilizaji akisogea mbali vya kutosha, hata zile za juu nazo zinarudi kwenye desibeli 6.

Jambo la pili, msidanganywe na urefu wa nguzo. Nyingi zina mrija mtupu chini na spika ziko sehemu ya juu tu. Hilo linamsahihisha pia MbebaVyombo: spika zikianzia juu ya mrija huo, si zote zinazotazama matumbo. Mwenye uzi atuambie spika za nguzo yake zilianzia usawa gani.

#10 MwimbajiWaMbele
Nikisimama karibu nayo, spika ya chini kabisa iko kiunoni na ya juu inapita kichwa changu kwa kiganja kimoja.

#11 MbebaVyombo
Kwa hiyo nusu ni matumbo. Nimekubali kusahihishwa nusu.

#12 MgongaDrams
Mnapanga spika wakati chanzo hakijatajwa. Nitajishtaki mwenyewe: wakati wa majaribio napiga kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, lakini wachezaji wakijaa mkono unapanda bila mimi kuuamuru. Drams zisizopitia spika yoyote zinavuka desibeli 100 kwa urahisi pale jukwaani. Nikipanda mimi, solo anaacha kujisikia, anageuka na kuongeza amplifaya yake. Besi anafuata, kinanda naye anasukuma. Mwimbaji peke yake ndiye hana kitasa cha kuzungusha, kwa kuwa koo lake ndilo kitasa chenyewe.

Mwenye uzi anasema hakuna aliyegusa mikisa. Namwamini. Je, nani aligusa amplifaya ya gitaa?

#13 MwimbajiWaMbele
Nimemuuliza kwa simu. Amenyamaza kwanza, kisha akasema "kidogo tu".

#14 SoloTaratibu
Mpiga solo huyo si mimi, ingawa ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, na "kidogo tu" yangu ingekuwa kubwa zaidi. Wacha nimtetee. Amplifaya ya gitaa ikiwa sakafuni inapigia magoti ya mwenyewe. Spika ya inchi 12 hurusha sauti zake kali kwa mwali mwembamba ulionyooka, kwa hiyo mpigaji aliyesimama juu yake anasikia mvumo tu, huku mtu aliye mita 8 mbele akichomwa masikio. Iinueni juu ya kiti au iinamisheni mgongo mpaka imtazame usoni. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilipunguza sauti mwenyewe kabla ya ubeti wa pili, tena kwa aibu.

Kwa bendi ndogo, ushauri huo una faida kuliko spika yoyote mtakayoinunua.

#15 DadaWaMaiki
Mnazungumzia spika na miili, lakini sauti ya mwimbaji inaanzia kwenye maiki. Nina mambo matatu, na la tatu ndilo ninaloliona kuwa jibu.

La kwanza ni umbali wa mdomo. Ukisogea kutoka sentimita 10 hadi 5, maiki inapata takribani desibeli 6 zaidi za sauti yako bila kumsumbua mtu. Wimbo ukinoga wengi wetu hufanya kinyume: tunainua kichwa, tunacheza, maiki inabaki kifuani.

La pili ni idadi ya maiki zilizo wazi. Kila zinapoongezeka maradufu, mfumo unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla haujaanza kupiga mluzi, ule unaotokea sauti ya spika ikirudi kwenye maiki. Bendi inayoweka maiki ya akiba "labda mtu atataka kuitikia" inalipia maiki hiyo usiku kucha.

La tatu: maiki ya kuimbia kama Shure SM58, ambayo iko sokoni tangu 1966, hupokea zaidi mbele na kukataa nyuma yake. Mwimbaji akiwatazama watu, mbele ya maiki panatazama uso wake, na nyuma ya uso wake yuko nani? Mpiga drams. MgongaDrams akipandisha mkono, matoazi yake yanaingia kwenye maiki ya mwimbaji na kutoka kwenye nguzo yakiwa yamekuzwa. Nguzo haikushindwa kumpaza mwimbaji. Ilipaza matoazi pamoja naye. Siku moja nilifunga mdomo katikati ya wimbo nikasikiliza mfumo peke yake, na nilichosikia kutoka kwenye chaneli yangu kilikuwa drams nzuri kabisa.

Msogezeni pembeni mwimbaji hatua mbili, asisimame katika mstari mmoja na matoazi. Na tafadhali asiifumbate bakuli ya maiki kwa kiganja. Akiziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kupokea pande zote na mluzi unafuata.

#16 MgongaDrams
Sasa nimekuwa mshtakiwa namba moja kwa ushahidi nilioutoa mwenyewe.

#17 SaksofoniYaPili
Samahani kwa kuchelewa. Nimehesabu mahitaji ya bendi hii: maiki mbili za kuimba, kinanda ambacho kwa kawaida hutaka matundu mawili, labda maiki ya ngoma ya mguu, labda gitaa la rithim. Nguzo nyingi zina mikisa ndani yake, lakini matundu ya maiki huwa mawili au matatu. Kwa hiyo ukinunua nguzo bado unanunua mikisa. Yamaha StagePas 600BT, kwa kulinganisha, ni maboksi mawili ya inchi 10 na mikisa ya chaneli 10 yenye amplifaya ya jumla ya wati 680, na mfumo mzima una uzito wa kilo 25 hivi. Kwa waimbaji na kinanda unatosha; kwa besi na ngoma ya mguu, hautoshi.

Wapo wanaopendelea mikisa ya kidijitali isiyo na vitasa, kama Behringer XR18 yenye matundu 16 ya maiki, inayoendeshwa kwa tableti. Uzuri wake ni kwamba mtu anaweza kusimama pale nyuma kwenye meza ya yule jamaa na kurekebisha. Ubaya wake ni kwamba mtu huyo lazima awepo, na bendi ya watu sita wote wako jukwaani.

#18 RithimMpya
Je, spika ya betri haifai? Naona zinasifiwa sana.

#19 FundiSauti
Inafaa kwa mwimbaji mmoja na gitaa, hotuba, au mazoezi. Bose S1 Pro, kwa mfano, inatajwa kudumu hadi saa 11, lakini saa hizo ni za sauti ya wastani. Drams halisi zikianza, boksi la namna hiyo linahema. Litumieni kama monita, yaani spika ya mpiga kinanda kujisikia mwenyewe.

#20 MbebaVyombo
Kwa haki ya nguzo niseme jambo linalonigeuka. K12.2 ina kilo 17.7, na kilo hizo si nyingi mpaka ujaribu kuzipandisha juu ya stendi, mikono ikiwa juu ya mabega, ukilitafuta kwa kupapasa lile tundu la milimita 35 huku mwenzako ameshika miguu ya stendi akikwambia "bado, bado, kulia kidogo". Halafu stendi ina miguu mitatu inayotokeza, na sehemu ya kuchezea ina miguu mia mbili isiyotazama chini. Nimeshuhudia mchezaji akiukumbatia mguu wa stendi kwa kisigino na boksi likiinama mbele taratibu kama mtu anayesujudu. Nililidaka kwa kifua, na alama ilikaa wiki mbili. Tangu siku hiyo natandaza miguu yote ya stendi kikamilifu, naweka mfuko wa mchanga, na waya nazibandika sakafuni kwa utepe.

Nguzo inasimama juu ya sabufa nzito, haina miguu ya kumtega mtu, na mtu mmoja anaifunga kwa dakika tano. Kwa upande wa mgongo wangu, nguzo inashinda. Kwa upande wa masikio, bado nasema boksi.

#21 MzeeWaKinanda
Mmezungumza yote isipokuwa umeme, na umeme ndio unaoua. Mfumo mdogo unachomekwa popote, pengine kinanda kwenye tundu moja na amplifaya ya gitaa kwenye tundu lililo upande wa pili wa ukumbi, kisha kunatokea mvumo, na kijana mmoja mwerevu anaikata ncha ya erthi kwenye plagi ili mvumo uondoke. Mvumo unaondoka kweli, na ulinzi unaondoka nao. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 alipogusa maiki ambayo erthi yake haikuwa sawa. Vyombo vyote vichukue umeme kutoka tundu moja la ukuta kupitia kebo moja nzuri, na mvumo ukibaki tumieni kisanduku cha DI, kile kinachounganisha chombo na mikisa, chenye swichi ya kutenganisha erthi ya sauti. Erthi ya umeme msiiguse.

Samahani kwa kutoka nje kidogo.

#22 BesiNzito
Hukutoka nje, mzee. Nimeshapigwa shoti ya midomo, nakumbuka ladha yake mpaka leo.

#23 FundiSauti
Turudi kwenye ununuzi. Tupige hesabu kidogo: uzi wa chini wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa Hz 41, na wa besi ya nyuzi tano Hz 31. Sabufa ndogo za nguzo huanza kulegea kabla ya kufika huko, nyingi kati ya Hz 45 na 60. Amplifaya kuu ya besi iliyopo jukwaani mara nyingi inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwa hiyo nakubaliana na BesiNzito kuitoa besi, ingawa sikubaliani naye kwamba limita ndiyo sababu pekee.

Kuna jambo jingine ambalo halijatajwa. Katika maboksi yenye sabufa ya pembeni, mgawanyo kati ya sabufa na spika za juu huwa karibu na Hz 80 hadi 120. Katika nguzo nyingi, kwa kuwa spika zake ni ndogo, mgawanyo unapanda hadi jirani ya Hz 200. Maana yake ni kwamba kifua cha sauti ya mwanamume kinatoka kwenye ile sabufa inayohangaika na ngoma ya mguu. Mwenye uzi, sauti yako ni nzito au nyembamba?

#24 MwimbajiWaMbele
Nzito. Mwenzangu ana sauti ya juu, na sasa nakumbuka jamaa wa meza ya nyuma alisema yeye alimsikia afadhali.

#25 DadaWaMaiki
Au mwenzako anakaa mbali na matoazi.

#26 MwimbajiWaMbele
Anakaa mbali na matoazi pia.

#27 FundiSauti
Basi hatuwezi kujua kwa hilo. Fanyeni jaribio. Zungusheni swichi ya kukata sauti za chini kwenye chaneli za waimbaji, karibu na Hz 100. Toeni besi na ngoma ya mguu. Kisha pigeni kwa nguvu ya usiku, si ya jioni, huku mmoja wenu akitembea kutoka mbele hadi nyuma. Msiongeze tu mpaka masikio yaume: Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2022 kwa kumbi za burudani lilipendekeza wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila dakika 15, na aliye karibu na spika ndiye anayelipa kwa ajili ya aliye mbali. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kuinua spika juu: inawaweka wa mbele na wa nyuma katika umbali unaokaribiana.

#28 MwimbajiWaMbele
Narudi na taarifa baada ya siku kumi na mbili. Tumeiazima nguzo ile ile kwa mara ya pili. Tulitoa besi na ngoma ya mguu, tukakata sauti za chini, tukaweka sabufa juu ya kasha imara la mbao hadi nguzo ikapanda kama sentimita 40, solo akaweka amplifaya yake juu ya kiti, nami nikasogea kushoto kutoka kwenye matoazi. Taa nyekundu haikuwaka hata mara moja, niliiangalia kila baada ya wimbo. Jamaa yule yule aliketi nyuma na safari hii alitaja mistari miwili ya ubeti wa tatu, kwa usahihi.

#29 BesiNzito
Nilisema. Limita.

#30 MbebaVyombo
Sentimita 40, mkuu. Mliipandisha juu ya matumbo.

#31 SoloTaratibu
Kiti, ndugu zangu. Ni kiti.

#32 DadaWaMaiki
Hatua mbili kushoto.

#33 MgongaDrams
Napenda kufahamu kama mpiga drams wao alitumia fimbo nyepesi, kwa sababu hilo hakulitaja mtu.

#34 MwimbajiWaMbele
Alitumia nyepesi. Tena naomba radhi kwa kutolisema mapema: usiku huo watu walikuwa kama 60, na waliocheza hawakuzidi 25 kwa wakati mmoja.

#35 FundiSauti
Mmebadilisha mambo sita kwa mpigo na watazamaji wamepungua nusu. Jaribio hilo linathibitisha kwamba mlifurahi.

#36 MzeeWaKinanda
Bendi ikifurahi nayo ni matokeo. Ila sijaona mtu akijibu swali la kwanza kabisa. Wanunue nini?

#37 SaksofoniYaPili
Ningekuwa wao ningechukua maboksi mawili ya inchi 10, si 12. K10.2 ni nyepesi kwa kilo tatu hivi kuliko K12.2 na inatandaza sauti kwa pembe ya nyuzi 90 badala ya 75, jambo linalofaa ukumbi mpana na mfupi. Kwa waimbaji na kinanda inchi 10 zinatosha kabisa, na sabufa moja inaweza kuongezwa baadaye chini yake ikiwa ngoma ya mguu itahitaji msaada.

#38 BesiNzito
Na ukumbi ukiwa mrefu na mwembamba? Hapo nyuzi 75 ni bora. Mnamnunulia mtu viatu bila kuuona mguu.

#39 MzeeWaKinanda
Kwa kumbi zao zenye mwangwi bado nasimama na nguzo, ila mbili, na zisiwekwe nyuma ya bendi kama wauzaji wanavyopenda kuonyesha kwenye picha. Nyuma ya waimbaji wawili wenye maiki wazi na drams halisi, utakutana na mluzi kabla hujakutana na sauti.

#40 DadaWaMaiki
Hapo mzee nakuunga mkono. Mtu mmoja na gitaa, nyuma panafaa. Bendi ya dansi, hapana.

#41 MwimbajiWaMbele
Ahsanteni wote. Tumekutana jana na kura zimegawanyika tatu kwa tatu: mimi, drams na kinanda tunataka maboksi ya inchi 10, solo, besi na rithim wanataka nguzo, na nashuku kwamba solo anaitaka kwa sababu inapendeza kwenye picha. Tumekubaliana tuazime maboksi kwa onyesho lijalo, ambalo ni la watu 140, tubadilishe kitu hicho kimoja tu, na fimbo ziwe zile nyepesi.

#42 MbebaVyombo
Ukumbi huo uko ghorofa ya ngapi?

#43 MwimbajiWaMbele
Ya pili. Hakuna lifti.

#44 MbebaVyombo
Basi nabadilisha kura yangu. Nguzo.